Sarafu ya 1596 imetoa wekundu nilipoisugua. Ni feki?

Mwanaisha_Dresden:
Habari zenu ndugu. Jumamosi nilinunua kisarafu kwenye soko la mitumba kando ya mto Elbe. Gramu 2 hivi kwa mizani ya jikoni. Kina tufe lenye msalaba juu, ndani ya tufe namba 24, mwaka 1596 na herufi HB. Muuzaji aliniapia ni fedha. Nikakisugua kwa majivu na ndimu, kama bibi yangu kule Pangani alivyosugua vikuku vyake. Ukingo mmoja ukatoa wekundu wa shaba! Nimeacha papo hapo na roho inaniuma. Nimeuziwa feki?

Mkusanyaji:
Dada, weka ndimu chini. Wekundu peke yake si dalili ya feki. Hiyo ni groschen, sarafu ndogo ya Saxony, nchi ya Kijerumani ya zamani, na 24 maana yake zikifika 24 ni thaler 1, sarafu kubwa ya fedha. Kwa sheria ya wakati huo ilikuwa nusu fedha, nusu shaba. Kabla ya kugongwa chapa, vipande vilitiwa kwenye maji makali yakala shaba ya juu, ikabaki ngozi nyeupe ya fedha. Ngozi hiyo ndiyo uliyoichubua, na hairudi. Suuza ndimu yote kwa maji safi, kausha kwa kugusisha kitambaa laini. Usisugue tena kamwe.

Fundi_Cherehani:
HB ni Hans Biener, msimamizi wa kiwanda cha sarafu cha Dresden kuanzia 1556 hadi 1604. Kwa hiyo ilitengenezwa mji huo huo uliomo. Maandishi ya kuzunguka yanasemaje?

Mwanaisha_Dresden:
Nimeshasuuza. Kwa tochi ya simu naona IOHAN, halafu AVG. Mwanzo ndipo nilipopasugua, pamefifia.

Fundi_Cherehani:
Palikuwa na jina la Christian. Ni ndugu watatu: Christian, Johann Georg na August. Baba yao, mtawala wa Saxony, alifariki 1591, mkubwa akiwa na miaka 8 tu, nchi ikashikwa na mlezi, Friedrich Wilhelm wa Weimar. Sarafu zikatoka kwa majina ya watoto wote watatu.

Mwanaisha_Dresden:
Basi nimemfuta mkubwa wao. Wawili waliobaki nimewafunga kwenye karatasi kavu, na nyumbani hakuna wa kuwagusa.