Sindano mikro za kuyeyuka: sindano zinayeyuka zote lakini dawa haifiki ndani ya ngozi, kasoro iko wapi?

mchanganyaji aliuliza:

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa wanaotengeneza vibandiko vya sindano mikro, zile zinazoyeyukia ndani ya ngozi.

Kalibu ni za mpira wa silikoni, PDMS, zenye mashimo 100 (10 kwa 10). Kila shimo ni piramidi ya kimo cha mikromita 600, na kitako chake ni mraba wa upande wa mikromita 300. Kutoka ncha moja hadi ya jirani ni mikromita 600. Namimina myeyusho wa maji wenye PVP (polima inayoyeyuka kwenye maji) ya daltoni 58,000, yaani uzito wa molekuli yake, 20% kwa uzito. Dawa ni peptidi (mnyororo mfupi wa asidi amino) ya daltoni kama 3,500, nayo ni 10% ya yabisi, yaani kinachobaki maji yakikauka. Nikishamimina naweka kwenye ombwe dakika 30, nakausha saa 24 katika joto la chumba, kisha nabandua.

Matatizo ni haya. Sindano za safu za pembeni nyingi hazina ncha. Bamba la nyuma linajikunja likikauka, mara nyingine linapasuka. Halafu nikibandika kwenye ngozi ya sikio la nguruwe na kubonyeza kwa kidole gumba, baada ya dakika 10 sindano zote zimeyeyuka ukitazama kwa macho, ila dawa ninayoikuta ndani ya ngozi haifiki hata robo ya iliyokuwa kwenye sindano. Nikipandisha dawa hadi 30% ndiyo balaa, ncha zinavunjikia ndani ya kalibu. Na dozi inayotakiwa ni miligramu 5. Nianze kurekebisha nini?

kalibu_safi alijibu:

Ncha ndizo rahisi, tuanze nazo. Ncha isiyojaa ni hewa iliyonaswa. PDMS haishikani na maji, kwa hiyo myeyusho unakaa juu ya mdomo wa shimo na hewa inabaki chini yake. Ombwe linasaidia, ila ukilivuta kwa pupa, hewa iliyomo kwenye myeyusho wenyewe inafumuka, mapovu yanapanda na kuusukuma myeyusho huku na huko. Safu za pembeni ndizo zinazokosa mara nyingi.

Kwanza uzungushe myeyusho kwenye sentrifuji ukiwa bado kwenye kichupa, dakika 10 kwa mizunguko 3,500 kwa dakika, ili mapovu yatoke kabla ya kumimina. Ukishamimina, vuta ombwe polepole, achia, vuta tena, achia. Kule kuachia ndiko kunakojaza: hewa ya nje ikirudi inausukuma myeyusho ndani ya mashimo. Ukiliacha dakika 30 mfululizo unakausha uso wa juu tu, utando unajitengeneza, na maji yaliyobaki chini yake yanakosa pa kutokea.

Kama sentrifuji yako ina vikapu vinavyoning'inia, tumia hiyo badala ya ombwe: mizunguko 3,500, dakika 15, vikapu vikilala ncha za mashimo ziwe zimeelekea nje. Rota ya pembe isiyobadilika usiiguse kwa kazi hii, itakupa bamba nene upande mmoja na jembamba upande mwingine.

Chunguza pia kalibu zenyewe kwa hadubini. Shimo lenye kipande cha ncha iliyovunjika halitajaa vizuri tena mpaka kipande kiyeyuke. Loweka kwa maji ya uvuguvugu, kisha pitisha kwenye bafu ya mawimbi ya sauti.

Kujikunja: 80% ya ulichomimina inaondoka, na inaondokea juu zaidi kuliko chini. Uso wa juu unasinyaa kwanza na kuvuta kingo. PVP tupu nayo ni kavu na dhaifu kama kioo chembamba, ndiyo maana bamba linapasuka. Tengeneza bamba kwa PVP ya daltoni 360,000, 30% kwa uzito, na gliserini 1.5%. Gliserini iishie kwenye bamba. Ikiingia kwenye sindano zitapinda badala ya kutoboa. Saa chache za mwanzo funika kalibu nusu ili ikauke taratibu, halafu funua.

dozi_kwanza alijibu:

Yote hayo ni sawa, lakini hata ukipata ncha 100 kamili, robo yako itabaki robo. Piga hesabu ya umbo.

Ujazo wa piramidi ni theluthi ya eneo la kitako mara kimo: 0.3 × 0.3 × 0.6 ÷ 3, unapata milimita za ujazo 0.018, ambazo ni nanolita 18. Sindano 100 ni mikrolita 1.8. PVP kavu ni kama gramu 1.2 kwa mililita, kwa hiyo sindano zako zote kwa pamoja zina uzito wa miligramu 2.2 hivi. Dawa ikiwa 10%, sindano zimebeba miligramu 0.22. Dawa nyingine yote uliyomimina iko kwenye bamba, nayo ihesabu kuwa imepotea.

Sasa tazama kuzama. Ngozi inabonyea kabla ya kutoboka, hivyo sindano ya mikromita 600 haiingii yote. Kwa kidole gumba, kuzama 60% ya kimo ni jambo la kawaida. Piramidi nayo mali yake iko chini: kipande cha ncha chenye 60% ya kimo kina ujazo wa 0.6 × 0.6 × 0.6, yaani 0.216. Hiyo ni chini ya 22% ya sindano, na ndiyo robo unayoilalamikia. Sindano inaonekana imeyeyuka yote kwa sababu unyevu wa ngozi unapanda hadi kitakoni, kitako kinageuka ute na kutandazika juu ya ngozi. Futa ule ute kwa pamba yenye maji na uupime, utaikuta dawa yako humo.

Ikizama 80%, ujazo ulioingia ni 51%. Kwa hiyo mikromita 120 za ziada zinazidisha dozi zaidi ya mara mbili. Ndiyo sababu siku hizi wengi huweka nguzo chini ya piramidi: shina la mikromita 300 hivi lisilo na dawa, kazi yake ni kuisukuma piramidi izame yote.

Kuhusu miligramu 5, hapo nitakuwa mkali kidogo. Dawa ikiwa 20% na kuzama 80%, kila sindano 100 zinaingiza miligramu 0.22. Unahitaji sindano kama 2,270. Kwa nafasi zako za mikromita 600 hizo ni sentimita za mraba 8.2. Eneo linabebeka, nguvu ndiyo haitoshi. Nyutoni 32, ambazo hutumika kama kipimo cha kubonyeza kwa gumba, zikigawanywa kwa sindano 100 ni 0.32 kila moja. Zikigawanywa kwa 2,270 ni 0.014. Sindano nyingi zitalalia ngozi tu bila kutoboa, utahitaji kifaa cha kubandika chenye springi. Chanjo zimetangulia katika mambo haya kwa sababu dozi zake ni mikrogramu. Ya mafua ya kawaida ni mikrogramu 15 kwa kila aina ya kirusi. Kwenye jaribio la Gambia la kibandiko cha surua na rubela, lililochapishwa na The Lancet mwaka 2024, dozi moja iliwapa kinga ya surua zaidi ya 90% ya watoto wachanga waliopewa, na kinga ya rubela wote.

mchanganyaji aliandika:

Hiyo hesabu ya 0.216 imenifungua macho, ahsante sana mkuu. Kwa hiyo dawa ikae kwenye ncha tu. Lakini nikimimina bamba la maji juu ya ncha zilizokauka, si zitayeyuka upya na dawa ipande juu? Na kwa nini 30% inavunjika?

tabaka_mbili alijibu:

Itapanda, ndiyo, na usipokuwa mwangalifu itapanda karibu yote.

Fanya hivi. Jaza mashimo kwa myeyusho wenye dawa, kisha kwangua ziada juu ya kalibu kwa ukingo wa kadi ya plastiki, uso ubaki safi. Ziada irudishe kwenye kichupa, usiitupe. Peptidi si maji ya mfereji. Ndani ya mashimo sasa mna mikrolita 1.8 za myeyusho wa 20%, ambazo zikikauka ni miligramu 0.37 za yabisi, yaani kama 17% ya ujazo wa mashimo. Kwa hesabu ileile ya mkuu hapo juu, 17% inajaza ncha hadi karibu 55% ya kimo. Umepata dawa mahali panapozama, bila kubuni kalibu mpya. Dawa ikiwa 20% ya yabisi hizo, ni mikrogramu 75, na karibu zote ziko upande unaoingia. Ule mpangilio wako wa kwanza ulikuwa na 220 na kuingiza 47.

Sehemu ya yabisi itaganda kwenye kuta za shimo badala ya kushuka nchani. Kuipunguza, kausha kalibu ikiwa ndani ya sentrifuji, saa moja au mbili kwa mizunguko ileile.

Kwa tabaka la pili una njia mbili. Ya kwanza ni kubadilisha polima ya ncha: tumia asidi ya haluroni ya molekuli ndogo, daltoni 10,000 hadi 50,000, pamoja na trehalosi (aina ya sukari), kisha mimina bamba la PVP iliyoyeyushwa kwa ethanoli. Haluroni haiyeyuki kwenye ethanoli, kwa hiyo ncha hazitikisiki. Usichukue haluroni ya daltoni milioni 1, asilimia chache tu inakuwa uji mzito usioingia shimoni. Na hakikisha kwanza kwamba peptidi yako haiyeyuki kwenye ethanoli wala haiharibiwi nayo. Njia ya pili ni kubaki na maji ila uharakishe: PVP ya 360,000 iliyo nzito kabisa, sentrifuji dakika 3 tu, kisha upepo mkavu juu yake. Unashindana na usambaaji wa dawa. Kila dakika bamba linapokaa mbichi ni hasara.

Kabla ya kutumia dawa halisi, weka rangi mahali pake na utazame sindano kwa ubavu kwenye hadubini. Rangi ni molekuli ndogo, inasambaa upesi kuliko peptidi. Ikikaa nchani, peptidi yako itakaa.

kalibu_safi aliandika:

Kuhusu 30%: polima ndiyo inayoshikilia sindano, na dawa imechukua nafasi yake. Zaidi ya hapo, dawa nyingi zikizidi huanza kufanya fuwele wakati wa kukauka. Tazama ncha kwa hadubini. Iliyo safi inapitisha mwanga, yenye fuwele ina ukungu mweupe, na inavunjika pale pale fuwele zinapoanzia.

Mimi simwungi mkono tabaka_mbili kwenye ethanoli kwa peptidi usiyoijua vizuri. Ningeanza na maji.

unyevu_hatari alijibu:

Hakuna aliyegusa unyevu, na kwa PVP huo ndio unaoharibu kazi iliyokuwa nzuri asubuhi. PVP inanyonya maji hewani. Kwenye chumba chenye unyevunyevu sindano zilizokuwa ngumu zinakuwa laini muda si mrefu, ncha zinapinda kama ndoana, na wewe unalaumu kalibu. Ukibandua tu, weka kwenye desiketa (chombo kilichofungwa cha kukaushia) yenye silika jeli iliyo bado kavu. Pima uzito kila siku hadi usibadilike. Ukibadilika, haijakauka, hata kama imetimiza saa 24. Kwa kuhifadhi tumia mfuko wa foili uliofungwa kwa joto na kipakiti cha silika ndani. Ufungue dakika ile unayobandika.

Kulinganisha toleo na toleo, kunja Parafilm M (utando wa nta wa maabara) tabaka 8 (jumla kama milimita 1), bonyeza kibandiko juu yake kwa nyutoni 32 kwa sekunde 30, kisha tenganisha tabaka na uhesabu matundu kwenye kila moja. Kila tabaka ni mikromita 127 hivi. Sindano za mikromita 600 zenye afya zitatoboa la kwanza na la pili karibu zote. Parafilm si ngozi, lakini haibadiliki kama sikio la nguruwe, ambalo nalo ukilitandika juu ya ubao mgumu linakudanganya. Weka sponji au jeli chini yake.

Na kila kipimo cha ngozi kifungwe kwa hesabu: dawa iliyobaki kwenye kibandiko, iliyofutwa juu ya ngozi, iliyotolewa ndani ya ngozi. Jumla isipokaribia 100% ya uliyoanza nayo, uchimbaji wako wa dawa ndio wenye kasoro, wala usiseme lolote kuhusu sindano.

dozi_kwanza aliandika:

Kama miligramu 5 haishuki, achana na za kuyeyuka. Kuna sindano za haidrojeli: polima iitwayo PMVE/MA iliyounganishwa na polima nyingine, PEG, kwa joto la sentigredi 80 kwa saa 24. Haziyeyuki. Zinavimba kwa maji ya ngozi na kuwa mfereji, dawa inakaa kwenye kidonge bapa nyuma yake, kwa hiyo ujazo wa sindano hauzuii dozi tena. Lakini zinachukua saa nyingi, na peptidi ya 3,500 inapita polepole kuliko molekuli ndogo.

Au sindano mikro zenye tundu, ambazo ni za kuchoma kimiminika. Hizo zinafika mbali hata nje ya ngozi: mwaka 2021 Marekani iliidhinisha Xipere, triamsinoloni (dawa ya steroidi) miligramu 4 katika mililita 0.1, inayochomwa kwenye uwazi mwembamba chini ya weupe wa jicho kwa sindano ya mikromita 900 au 1,100. Kwenye ngozi kikwazo ni tishu inayobanwa chini ya tundu na kuziba mtiririko. Ingiza, kisha irudishe nyuma kidogo kabla ya kusukuma, na sukuma taratibu. Ukiona tone juu ya ngozi, umesukuma haraka mno au sindano haikuzama, na tone hilo ulinyonye kwa karatasi na ulipime kama dozi iliyopotea.