Gemu nyepesi na adivencha: zikae folda moja au mbili?

Mwanjelwa_Gemu: Wakuu, napanga gemu kwenye kompyuta na tableti za kibandani. Candy Crush Saga, June's Journey, Return to Ravenhearst na The Room: zipi ziingie nyepesi, na zipi adivencha?

UyoleChini: Mkuu, hayo ni maswali mawili. Wepesi ni habari ya muda na ugumu: mtu anaelewa gemu kwa dakika moja, anacheza kwa kidole kimoja, anaiacha daladala ikifika Kabwe. Adivencha ni namna gemu ilivyojengwa: unazunguka mahali, unaokota vitu, na kisa hakisogei mpaka ufumbue fumbo. Gemu moja inaweza kuwa na yote mawili. Pima hivi: ulichookota chumba hiki kinafungua kitu chumba kingine?

Kihesa_Juu: Kwa kipimo hicho Candy Crush (2012) inabaki nje. Unapanga peremende tatu, levo inaisha. Una maisha matano, na moja hurudi kila baada ya dakika 30. Ondoa hadithi yote, gemu haibadiliki.

Mpaka wenyewe unaonekana ndani ya mfululizo wa gemu za Mystery Case Files. Huntsville ya 2005 ni kutafuta vitu vya kwenye orodha huku saa inakukimbiza. Ukibofya kitu kinatoweka, basi. Return to Ravenhearst ya 2008 ikaongeza vitu vya kubeba: unakipata hapa, unakwenda kukitumia kule. Hiyo ni nyepesi, na ni adivencha kabisa.

Tukuyu_Mvua: Kipimo kina tundu, ndugu zangu. Myst ya 1993 hakuna anayebisha kuwa ni adivencha, lakini mkononi hubebi karibu chochote. Unachobeba ni habari: sauti tano zilizoandikwa kwenye kitabu cha maktabani ndizo zinazowasha chombo cha anga. Semeni "kitu au habari".

UyoleChini: Kweli kabisa, narekebisha hivyo.

Mwanjelwa_Gemu: Na June's Journey? Kisa chake ni kirefu.

Kihesa_Juu: Kisa kinasimuliwa tu, hukifumbui. Ukiiweka adivencha, mteja anayetaka mafumbo ataishiwa nishati (pointi za kuchezea) katikati, akae anasubiri wakati muda aliolipia unakwenda. Iache kwenye nyepesi. The Room inapita kipimo, iweke adivencha, tena haihitaji bando wakati wa kucheza. Ravenhearst iweke folda zote mbili, na kila mteja aandike jina lake kwenye gemu, la sivyo mwingine ataendelea palepale alipoishia mwenzake na mafumbo yameshafumbuliwa.