Mrejesho: nimechagua chuo cha ada nafuu

Habari zenu wapendwa. Mwezi wa tatu niliwaomba ushauri: nilikuwa nimepata nafasi mbili za kusoma shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii hapa New York, moja chuo binafsi chenye jina kubwa, nyingine Hunter, chuo cha umma cha jiji. Nimechagua Hunter.

Kilichoniamulia ni swali la dada mmoja: "Kwani leseni si ileile?" Nikafuatilia. Ni ileile kweli. Vyuo vyote viwili vina ithibati ya CSWE, baraza linalothibitisha masomo ya ustawi wa jamii Marekani, vyote vinadai saa zisizopungua 900 za mafunzo kwa vitendo, na mtihani wa LMSW, leseni ya ustawi wa jamii kwa wenye shahada ya uzamili, ni mmoja. Usiku tukakaa mezani na mume wangu, tukaandika makato ya mkopo ya kila mwezi nyuma ya bahasha ya bili ya umeme, na pembeni yake mshahara wa kuanzia. Kwa kile chuo cha jina, mkopo ungekula hela ya pango. Tulinyamaza wote wawili.

Sisemi jina halina maana. Anayetaka utafiti au ualimu wa chuo kikuu, pengine limfae. Mimi nataka kukaa na familia za wahamiaji, tena zikiwemo zinazoongea Kiswahili na hazina mtu wa kuzisikiliza.

Asanteni sana, hasa mlioniambia ukweli mchungu. Naanza mwezi wa nane. Aliyefanya mafunzo ya vitendo hospitalini huku ana watoto wadogo, alijipangaje?