Ripoti ya mauzo hailingani na daftari tangu niipandishe kwenye seva

BintiTabata
Wakuu, naombeni msaada. Niko duka la dawa lenye matawi matatu: Sinza, Tabata na Mbagala Rangi Tatu. Nimeandika skripti (programu ndogo) ya Python inayokusanya faili za CSV (maandishi yaliyotenganishwa kwa koma) za kila tawi usiku, inapakia kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, asubuhi bosi anakuta ripoti kwenye barua pepe. Kwenye kompyuta yangu ilikuwa safi. Tangu niihamishie seva, Sinza (wanakesha) haipatani na daftari hata siku moja, ila jumla ya mwezi karibu sawa! Halafu juzi umeme ulikatika Mbagala, faili likaja nusu, baadaye likaja zima, mauzo yakajirudia. Bosi ananiangalia kama nimekula hela, na mimi hata kaunta sikai.

fundi_wa_seva
Dada, Sinza ni tatizo la saa. Seva nyingi zinakaa UTC (saa ya kimataifa), sisi tuko saa 3 mbele. Dawa iliyouzwa saa nane usiku wa kuamkia Jumapili, kwa seva bado ni Jumamosi saa tano usiku. Safu ya muda iwe timestamptz (aina inayozingatia ukanda wa saa), na unapogawa mauzo kwa siku taja Africa/Dar_es_Salaam. Chunguza pia wanaoandika saa kwa mkono. Kuna muuzaji wetu alikuwa anajaza 3:00 akimaanisha saa tatu asubuhi, ripoti ikaonyesha tunafungua kabla ya jogoo.

MzeeWaData
Binti, usipakie moja kwa moja kwenye jedwali kuu. Mimina kwanza jedwali la mapokezi, kagua, ndipo uhamishe kwa ON CONFLICT DO UPDATE (mstari ukiwepo tayari, unasahihishwa badala ya kuongezwa), ukiwa umeweka UNIQUE (sharti la kutojirudia) kwenye muunganiko wa tawi, namba ya risiti na namba ya mstari. Faili lije mara kumi, hesabu ni ileile, na lile zima litasahihisha lililokatika.

Ripoti yenyewe ina kasoro pia. Chini ya fedha onyesha kila tawi: mistari iliyosomwa, iliyoingia, iliyokataliwa na kwa nini. Tawi lisipotuma, usiandike 0. Sifuri maana yake hakuna mteja aliyeingia. Andika HAIJAFIKA.

BintiTabata
Shikamoo mzee, asanteni wote. Seva ilikuwa UTC kweli. Nimepakia upya wiki mbili, Sinza imekubali mpaka risiti ya mwisho. Leo Mbagala imesoma HAIJAFIKA, bosi kawapigia wao simu, mimi nakunywa chai.