Mwanangu wa miaka miwili haitiki nikimwita, naomba ushauri

MamaMahamri (Jumatatu, saa tatu usiku)
Asalaam aleikum ndugu zangu. Nina mtoto wa kiume, miaka miwili na miezi miwili. Ni kifungua mimba, kwa hivyo sina pa kulinganishia. Kutembea alitembea mapema, alipotimiza mwaka alikuwa anavuka sebule peke yake. Sasa anapanda ngazi mpaka ghorofani kwa nyanyake, anapiga mpira, suruali anajivua mwenyewe. Uji hanywi ila kwenye kikombe chekundu. Ukimtilia kwenye kingine anakitazama, anakusukuma mkono polepole, halafu analala kifudifudi sakafuni. Akitaka kutoka analeta ndara za babake na kuzipanga mlangoni, ya kulia kulia, ya kushoto kushoto. Ngoma ya harusi ikipita mtaani anacheza hadi jasho limtoke.

Shida ni ukaidi na ulimi mzito. Namwita mara tatu, mara nne, ameinamia gari lake la kopo, hageuki mpaka nimfuate nimguse bega. Maneno hana, ila "mma" na sauti zake mwenyewe. Je, nianze kumtia adabu au bado mdogo? Na kuna chakula cha kufungua ulimi?

BabaMapacha
Dada, pole na hongera, huyo wa kupanga ndara atakuja kuwa afisa wa bandari. Wangu wawili walikuwa na lugha yao ya siri. Mmoja anasema "kaka-ti", mwingine anakwenda kuleta maji. Mimi na mama yao tulikaa kama wageni nyumbani kwetu. Walipofika miaka mitatu wakafunguka, na sasa natamani wanyamaze hata nusu saa nilale, maana natoka zamu ya usiku.

MwalimuMstaafu
Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa miaka miwili anajua vizuri anaitwa, anakupima tu. Halafu niulize: simu je? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2019: mtoto wa mwaka mmoja asitazame skrini kabisa, wa miaka miwili isizidi saa moja kwa siku. Siku hizi mama anakaanga mahamri, mtoto amepewa simu tangu alfajiri. Atanena na nani?

BiLeso
Mwalimu, usimuonee mwana wa watu. Wanaume huchelewa kunena, hayo tumeyakuta. Wangu wa tatu alikaa kimya hata siku ya arusi ya dadake, mbele ya watu akasema, "Mama, biriani haina chumvi." Na ilikuwa kweli haina. Mlambishe asali kidogo asubuhi, umsomee, umngoje. Mwana hukua na vyake.

NesiWaZamu
Mama, mimi nina maswali mawili. Maneno hakuwahi kuwa nayo, au alikuwa nayo yakapotea? Na masikio yake yakoje?

MamaMahamri
Ahsanteni wote. Simu hatazami sana, ni pale ninapokuwa kwenye karai tu, mafuta yasije yakamrukia. Asali nitajaribu. Nyumbani tunasema Kiswahili, mamangu wa ghorofani humsemesha Kigiriama, na jirani Kiingereza. Labda lugha zimemchanganya?

NesiWaZamu
Lugha tatu hazimfungi mtoto ulimi. Ukihesabu maneno yake, hesabu ya lugha zote pamoja. Katika umri wake tunatarajia awe anaunganisha maneno mawili: "mama njoo", "maji tena". Lakini hujanijibu. Yalikuwepo yakapotea? Masikio?

MamaMahamri (Jumanne, saa tano asubuhi)
Nitasema, ila msinisute.

Alikuwa nayo. Alipokuwa na mwaka na miezi minne alikuwa na maneno saba, niliyaandika nyuma ya kijitabu cha kliniki: mama, baba, maji, paka, ndizi, toka, na Allah. Adhana ikianza msikiti wa karibu alikuwa anainua kidole na kusema "Allah", na babake anacheka hadi machozi. Sasa adhana inaadhiniwa, yeye anaendelea na gari lake.

Na sikio la kulia linatoa maji. Lilianza kabla ya Ramadhani, akapata homa, nikampa dawa ya homa ikashuka. Maji yalikatika, yakarudi, sasa yananuka kidogo. Nilikuwa natia mafuta ya nazi ya vuguvugu kila usiku, kama nilivyofanyiwa mimi.

Mavyaa, mamake mume wangu, amesema ni kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni, kimerefuka kikamziba. Kuna mzee anayekata, na Jumamosi anakuja. Nusu ya pesa nimeshatoa. Babake alikatwa utotoni na anasema sawasawa kama mtangazaji. Mavyaa amevuka feri kutoka Likoni mara tatu kwa ajili ya jambo hili, siwezi kumwambia nimeghairi. Ninachouliza ni kama baada ya kukatwa naweza kumpa uji siku ile ile.

FundiCherehani
Subhanallah. Dadangu, usikate. Mtoto wa jirani yetu alikatwa kimio alfajiri, adhuhuri leso mbili zilikuwa zimelowa damu. Tulimbeba kwa tuktuk, mimi nimemshika, mamake hawezi hata kusema anakwenda wapi. Alipona, alhamdulillahi, lakini mimi mpaka leo nikishona leso nyekundu namkumbuka.

NesiWaZamu
Uji usiulize, kwa sababu hakuna haja ya kukata. Kimio hakimfanyi mtoto aache kusema. Kukatwa kwa kisu cha nyumbani kunaleta damu isiyokoma, pepopunda, na usaha kooni.

Sikio ndilo linalosema. Sikio likitoa maji siku 14 au zaidi, huo ni ugonjwa wa muda mrefu. Mara nyingi ngoma ya sikio imetoboka, na nyuma yake pamejaa uchafu. Sauti inamfikia kama wewe ukiwa umezama majini na mtu anakuita ufukweni. Acha mafuta leo hii. Usitie maziwa, usitie kitu chochote, akioga maji yasiingie. Sokota kitambaa safi cha pamba kiwe kama utambi, kiweke sikioni taratibu, kikilowa ukitoe, uweke kingine mpaka sikio likauke. Usitumie kijiti. Dawa ya matone ipo, na masikio ya watoto wengi hukauka, lakini itolewe na mtu aliyelitazama sikio kwanza. Na mtoto aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo, wa umri wowote, hangojwi.

KakaWaIshara
Ndugu yangu mdogo ni kiziwi, na tulimchapa miaka miwili tukimwita mkaidi. Hilo silisahau. Leo ana kazi yake, ana mke, tunazungumza kwa ishara mezani mpaka wageni wanaona wivu. Katiba ya 2010 imeitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Usiogope, mama. Hata ikiwa hivyo, maisha yapo.

MamaMahamri
Kaka, nakushukuru, lakini mimi sijafika huko. Usimwite mwanangu kiziwi.

KijanaWaBondeni (Jumanne, saa mbili usiku)
Samahanini wazee, mimi naona tumechezewa. Jana nyanya yuko ghorofani, leo mavyaa anavuka feri kutoka Likoni. Mtoto hasikii adhana yenye kipaza sauti, lakini ngoma ya harusi anacheza hadi jasho? Uzi kama huu niliuona mahali: mtoto, sikio, watu wakalia, ukurasa wa pili akaingia mtu na namba ya simu anauza mafuta ya masikio chupa elfu mbili. Ngojeni muone.

BabaMapacha
Hata mimi maneno saba kuandikwa kwenye kijitabu yamenitia shaka. Nani ana muda huo?

BiLeso
Mwenye kifungua mimba anao muda huo. Mimi niliandika jino la kwanza kwenye mlango wa kabati, na kabati lipo.

NesiWaZamu
Kijana, ngoma haisikiki kwa sikio peke yake. Mdundo unapanda miguuni, unagonga kifuani, na watoto wengine wanacheza, naye anawaona. Adhana inakuja kwa hewa kutoka mbali. Na mtoto mwenye maji sikioni siku nyingine husikia kidogo, siku nyingine hasikii, ndiyo maana wazazi hudhani ni ukaidi. Hakuna alichosema mama huyu ambacho sijakiona. Kama kuna wa kuuza mafuta, mimi nitakuwa wa kwanza kumfukuza humu.

MamaMahamri (Jumatano, saa moja jioni)
Nimesoma yote. Mamangu mzazi ndiye wa ghorofani, mavyaa ndiye wa Likoni. Mtoto ana nyanya wawili, kijana. Siuzi mafuta. Nauza mahamri, na leo yameungua karai zima kwa sababu yenu.

Jana usiku nilikasirika sana. Leo nikamwambia mamangu ashuke. Mtoto alikuwa ameketi mbele yangu kwenye mkeka na gari lake. Mama akasimama nyuma yake, asimuone wala kivuli chake, akatikisa fungu la funguo. Hakugeuka. Akapiga makofi. Hakugeuka. Akamwita kwa lile jina analomwita peke yake. Hakuna. Mwisho akaangusha kifuniko cha sufuria kwenye saruji, hapo akashtuka, akatazama kushoto, dirishani. Kifuniko kilikuwa kulia, kinazunguka bado. Mama akakiokota, akaingia jikoni, na kwa muda mrefu hakutoka.

Kuna jambo lingine sikuwaambia kwa sababu nililiona ni mapenzi tu. Nikisema naye hunishika kidevu kwa mikono miwili, ananigeuza uso umwelekee, halafu anatazama midomo yangu. Nilikuwa nawaambia watu, "Mwanangu ananipenda, hataki nitazame pengine."

KijanaWaBondeni
Dada, nisamehe. Nimekosa. Nami nina mpwa wa umri huo huo.

MwalimuMstaafu
Nami nafuta neno langu la samaki. Usimguse kwa fimbo.

MamaMahamri
Nimewasamehe. Mafuta nimeacha, utambi nimeweka mara tatu, wa kwanza alilia, wa tatu alinishikia mwenyewe. Babake nimemweleza, amenyamaza kisha akasema twende. Mavyaa bado. Jumamosi zimebaki siku tatu na mzee hajaambiwa. Naogopa ile simu kuliko hospitali.

BiLeso
Simu hiyo apige mwanawe, si wewe. Na asiseme "tumekataa". Aseme, "Mama, mwana sikio lina usaha, tunamtibu sikio kwanza, tuombee." Nyanya gani atakataa kuombea? Pesa ya mzee iacheni, msiidai.

MamaMahamri
Hilo atalisema. Ahsante Bi. Sasa hospitali naanzia wapi? Sijui masikio wanatazamwa mlango gani.

NesiWaZamu
Kesho anza zahanati ya mtaani kwenu, walitazame sikio, wampe matone, na uombe barua ya rufaa. Kisha Makadara, hospitali kuu ya Pwani, kliniki ya masikio, pua na koo. Waulize siku zao kabla ya kutoka nyumbani. Waambie wazi mambo matatu: linatoa maji tangu kabla ya Ramadhani, alikuwa na maneno saba, na umetia mafuta. La mafuta usilifiche kwa aibu, wanahitaji kulijua. Omba apimwe kusikia masikio yote mawili, si la kulia tu.

FundiCherehani
Makadara fika mapema, kabla ya saa moja, foleni ni ndefu. Beba kijitabu chenye yale maneno. Kama huna wa kukusindikiza mimi na mke wangu tuko njiani hapo, tutakaa nawe.

MamaMahamri
Inshallah. Nimeshatia kijitabu kwenye mkoba. Na kikombe chekundu, maana bila hicho hatafika saa nne.