Kusaga meno usingizini: ile plastiki ya duka la dawa inatosha?

Bi_Nuru: Habari wakuu. Mume wangu, miaka 38, anasaga meno usiku hadi mlio unafika chumba cha pili. Asubuhi taya limekaza na kichwa kinamuuma kwenye panja. Duka la dawa wanauza plastiki laini, unaitia maji ya moto kisha unaing'ata ikachukua umbo la meno. Inatosha, au twende kwa daktari wa meno? Mtoto wa miaka 6 naye ameanza, mama mkwe anasema ni minyoo.

FundiMeno: Bi Nuru, kinga yoyote ile ya kuvaa menoni haizuii kusaga. Kazi yake ni kulika yenyewe badala ya meno. Ile laini kwa msagaji mzito hutoboka mapema penye magego, na kwa kuwa inabonyea, wengine huitafuna usiku kucha na misuli ikachoka zaidi.

Inayodumu ni ya akriliki ngumu, yaani plastiki isiyobonyea. Daktari anachukua chapa ya meno ya juu na ya chini pamoja na alama ya namna yanavyokutana, kisha maabara inatengeneza kinga inayofunika meno yote ya taya moja, unene wa milimita 2 hadi 3 hivi. Kazi huharibika siku ya kuvalishwa. Watu hupewa, ikiingia wanaambiwa nendeni. Hapana: ang'ate karatasi ya rangi, madoa yatokee kushoto na kulia kwa uzito uleule, penye doa zito pasagwe, apimwe tena. Akisogeza taya pembeni, chonge ndizo zibebe mzigo na magego yaachane. Ikiachwa inagusa upande mmoja, ataamka na maumivu kuliko ya jana.

Ile inayofunika meno ya mbele peke yake ikataeni kwa matumizi ya muda mrefu. Magego yakikosa cha kukutana nacho huendelea kuota, na siku moja meno ya mbele hayafungi tena. Kuosha ni mswaki, sabuni na maji baridi. Maji ya moto yanaipinda.

Mfamasia_Tanga: Naongeza: anatumia nini? Dawa za sonona kama fluoxetine, sertraline na paroxetine zinaweza kuleta kusaga meno. Asiziache ghafla, amuulize aliyemwandikia kuhusu dozi au kubadilisha. Mirungi, sigara na pombe ya jioni zote zinachochea. Kahawa nayo: nusu ya kafeini hubaki mwilini kama saa 5, kwa hiyo kikombe cha saa kumi na mbili jioni bado kinafanya kazi saa tano usiku.

Je, anakoroma? Pumzi inakatika kisha anashtuka?

Viungo_na_Misuli: Mchana ndiko mnakoweza kuanza leo bila gharama. Midomo ifungwe, meno yaachane, ncha ya ulimi ikae kwenye kaakaa nyuma kidogo ya meno ya juu. Meno hayapaswi kugusana ila wakati wa kula na kumeza. Abandike karatasi ndogo kwenye kompyuta au usukani; kila akiiona, aachie taya. Jioni kitambaa cha uvuguvugu mashavuni dakika 15, kisha akande kwa vidole ule msuli unaotuna akiuma meno. Halafu, ulimi ukiwa palepale kwenye kaakaa, afungue mdomo taratibu mara 6 bila ulimi kubanduka. Taya likiuma, apunguze upana. Bigijii aache kabisa.

FundiMeno: Mtoto: dawa ya minyoo apewe kwa ratiba yake ya kawaida, ila msitegemee itamaliza kusaga. Wengi huacha wenyewe wanavyokua. Kinga ngumu hatumwekei, maana taya bado linakua. Mwangalieni kama anapumua kwa mdomo au anakoroma, huenda ni mafindofindo. Jino likivunjika au likiuma akinywa baridi, mleteni.

Bi_Nuru: Asanteni sana. Baba anakoroma, na kweli huwa anashtuka kama aliyekabwa.

Mfamasia_Tanga: Basi chapa ya meno isubiri. Mrekodi kwa simu akiwa usingizini, mwende na sauti hiyo kwa daktari wa masikio, pua na koo, mwulizie kipimo cha usingizi. Kwa mtu ambaye pumzi inakatika, kinga ya taya la juu inaweza kuzidisha tatizo. Akigundulika nalo, daktari wa meno aambiwe kabla hajatengeneza chochote.