Naomba ushauri: Notre Dame ni mwanachama wa ACC au si mwanachama?

Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Ninaandaa mada ya darasani kuhusu biashara ya michezo ya vyuo vya Marekani, nami nimekwama kwenye jambo ambalo kila nikidhani nimelielewa huniponyoka.

Chuo cha Notre Dame kilijiunga na jumuiya ya ACC (Atlantic Coast Conference, muungano wa vyuo vinavyoshindana michezoni) mwaka 2013 kwa karibu michezo yote, ila futiboli ya Kimarekani kikaibakiza nje, kikiahidi tu kucheza takriban mechi tano kila msimu dhidi ya timu za ACC. Mechi zake za nyumbani za futiboli huonyeshwa na kituo cha televisheni cha NBC tangu 1991, na fedha za matangazo hayo ni zake. Msimu wa korona wa 2020 pekee ndipo ilipocheza futiboli ndani ya jumuiya, na fedha za NBC zikaingia kwenye mfuko wa pamoja. Chuo kingine, SMU (Southern Methodist University), kilichoingia ACC 2024, kilikubali kukaa miaka tisa bila mgawo wa televisheni wa jumuiya. Ni kama kualikwa karamuni ukaambiwa uje na sahani yako.

Nimechora jedwali la safu mbili, wanachama kamili na wasio kamili, lakini SMU nimeifuta na kuiandika upya mara tatu.

Je, safu hizo nizipange kwa michezo au kwa mgawo wa mapato? Na timu isiyo na jumuiya katika mchezo mmoja tu, niiite “huru” au “ya kujitegemea”?

Natanguliza shukrani.